Sikukuu za Ujerumani kwa Kijana wa Kujitolea Kutoka Afrika Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka vijana kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani huenda Ujerumani kujitolea katika shule za chekechea, nyumba za wazee, mashamba na vituo vya watu wenye ulemavu, kwa kawaida kwa muda wa miezi kumi na miwili. Wengi huenda kupitia weltwärts, mpango ambao serikali ya Ujerumani iliuanzisha mwaka 2008 ili kuwapeleka vijana wake nje, na ambao miaka michache baadaye ulifunguliwa pia kwa vijana wa kutoka kwetu. Mimi nilitumikia mwaka mmoja katika chekechea ya mji mdogo wa kaskazini, nikiishi na familia mwenyeji, na tangu niliporudi nimekuwa nikizungumza na wanaojiandaa kusafiri. Kuhusu kazi huuliza machache. Kuhusu sikukuu huuliza mengi, na maswali yao ndiyo haya.

Ni sikukuu zipi ambazo ni siku za mapumziko kisheria?

Nchi nzima ina siku tisa: Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Mei Mosi, Kupaa kwa Bwana, Jumatatu ya Pentekoste, Siku ya Muungano wa Ujerumani tarehe 3 Oktoba, na siku mbili za Krismasi, yaani tarehe 25 na 26 Desemba. Juu ya hizo kila jimbo lina zake. Hamburg na majimbo mengine ya kaskazini hupumzika tarehe 31 Oktoba kwa ajili ya Matengenezo ya Kanisa, majimbo yenye Wakatoliki wengi hupumzika siku ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na Berlin tangu mwaka 2019 hupumzika Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi. Bavaria ndiyo yenye siku nyingi kuliko majimbo mengine, na mji wake wa Augsburg una siku moja zaidi ya wote, tarehe 8 Agosti, ambapo tangu mwaka 1650 huadhimishwa amani baina ya Waprotestanti na Wakatoliki. Kwa hiyo usitegemee orodha aliyokupa rafiki aliyeko jimbo jingine. Uliza kazini kwako.

Wakenya wajue kwamba sikukuu ikiangukia Jumapili haihamishiwi Jumatatu kama ilivyo kwao. Imepita na imepita.

Je, ni kweli kwamba maduka yote hufungwa?

Ni kweli, kila Jumapili na kila siku ya mapumziko, isipokuwa vituo vya mafuta, maduka ya stesheni kubwa, baadhi ya maduka ya mikate kwa saa chache, na duka la dawa lililo zamu. Tarehe 24 Desemba maduka hufungwa saa nane mchana, na yasipofunguliwa tena hadi tarehe 27, asiyenunua chakula mapema atashinda kwa mkate mkavu siku mbili na nusu. Anayeishi peke yake au katika nyumba ya vijana wenzake aliandike jambo hili mahali atakapoliona.

Wiki zinapita na hakuna anayenialika. Je, hawanitaki?

Hili ndilo swali linalonigusa zaidi, kwa sababu mimi mwenyewe nililibeba kimya kimya tangu Oktoba hadi katikati ya Desemba.

Kwetu, sikukuu ni siku ambayo mlango uko wazi. Sahani ya pilau hupelekwa kwa jirani, watoto huzunguka nyumba hadi nyumba kupokea mkono wa Idi, na anayepita hukaribishwa hata kama hakuna aliyemtarajia. Aliyelelewa hivyo hungoja siku ifike, akijua kwamba ikifika mahali pake patapatikana. Ujerumani siku ya sikukuu yenyewe mlango huwa umefungwa, na walio ndani walishajulikana tangu mwezi uliopita, hata idadi ya viti na vipande vya nyama imekwisha kuhesabiwa. Kule kushirikiana kunatangulia sikukuu, katika wiki za kuoka, kukata karatasi, kufunga matawi na kupanga nani atakwenda kwa nani. Anayekosekana katika wiki hizo atakuwa mgeni hata akiketishwa kwenye kiti cha mbele.

Nilipokuwa natoka kazini nilikuwa napanda moja kwa moja chumbani na kuwaacha jikoni wakioka biskuti, kwa kuamini kwamba mgeni mwenye adabu hajipeleki jikoni mwa watu. Mama mwenyeji naye, kama alivyonieleza baadaye, aliamini kwamba aliyefunga mlango wa chumba chake anahitaji utulivu, na kumbishia hodi ni kumwingilia. Tuliheshimiana namna hiyo kwa wiki tatu, kila mmoja akimhuzunisha mwenzake. Siku moja niliposhuka kuchukua maji ya kunywa alinipa kikato cha bati chenye umbo la nyota, akanisogezea unga uliokwisha kukandwa na kutandazwa, akasema neno moja tu: shika. Nilikata nyota mpaka usiku, na kuanzia siku hiyo nilikuwa na kazi yangu katika nyumba ile.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe hupewi; unaliomba. Katikati ya Oktoba, mnapokuwa mezani, uliza waziwazi: mnafanyaje Krismasi hapa nyumbani, nani huja, na ni kazi gani ninaweza kuishika? Swali kama hilo halihesabiwi kuwa utovu wa adabu wala tamaa. Wengi hufarijika kulisikia, kwa kuwa wao pia walikuwa wakijiuliza kama kijana wa kutoka mbali angependa kukaa na wazee mezani au angependa kwenda kwa wenzake. Kisha tazama ukuta wa jikoni, ambako familia nyingi hutundika kalenda yenye safu ya kila mtu wa nyumba. Ukiona safu yenye jina lako, anza kuitumia.

Ni mambo gani hufanyika kati ya Novemba na Krismasi?

Mengi kiasi kwamba ningemshauri anayeweza kuchagua asichukue likizo katika miezi hiyo.

Tarehe 11 Novemba ni siku ya Mtakatifu Martino, askari Mroma anayesimuliwa kwamba alikata joho lake vipande viwili akamfunika maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Jioni, watoto hutembea mitaani wakiwa wamebeba taa za karatasi walizozitengeneza wenyewe na kuimba, mara nyingi wakitanguliwa na mtu aliyepanda farasi, na matembezi huishia kwenye moto mkubwa. Aliyepangiwa chekechea atakuwa amekata na kugundisha karatasi za taa hizo tangu Oktoba. Usiione kazi hiyo kuwa ya kitoto. Wazazi wa mji mzima watakujua kwa ajili yake, na mimi nilisalimiwa kwa jina kwenye duka la mikate kwa mara ya kwanza asubuhi ya tarehe 12.

Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, yaani majuma ya kuingojea Krismasi, Waprotestanti hukumbuka marehemu wao na kwenda makaburini, na familia nyingi hazipambi nyumba kabla siku hiyo haijapita. Majilio yenyewe huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi. Mezani huwekwa shada la matawi mabichi lenye mishumaa minne, na kila Jumapili huwashwa mmoja zaidi. Shada hilo lilianzia Hamburg mwaka 1839, katika makao ya watoto maskini yaliyoongozwa na mchungaji Johann Hinrich Wichern. Watoto walikuwa wakimuuliza kila siku kama Krismasi imefika, naye akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo kwa ajili ya siku za juma na minne mikubwa kwa ajili ya Jumapili, ili wahesabu wenyewe. Kwa sababu hiyohiyo watoto wa leo wana kalenda yenye milango midogo ishirini na minne, mmoja wa kufunguliwa kila asubuhi.

Anayetoka karibu na ikweta atauelewa umuhimu wa mishumaa hiyo baada ya kuuona mwezi wa Desemba. Katika miji ya kaskazini jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi jioni, na siku nyingi halionekani kabisa nyuma ya mawingu. Unakwenda kazini gizani na kurudi gizani. Wajerumani nao hawalipendi giza hilo, kama sisi. Wamejifunza kwa karne nyingi kuketi pamoja kulizunguka jambo dogo lenye mwanga, kunywa chai na kula biskuti, pasipo sababu nyingine. Ukiitwa, keti, hata kama umechoka.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba watoto husafisha viatu na kuviweka mlangoni ili Mtakatifu Nikolasi aweke karanga, machungwa na chokoleti. Weka na chako. Kazini huenda kukawa na mchezo wa kubadilishana zawadi, ambapo kila mmoja huokota karatasi yenye jina la mwenzake na kumnunulia kitu kidogo kwa siri. Bei ya juu hutangazwa, na kuizidi kwa ukarimu humtia aibu anayepokea.

Usiku wa mkesha wa Krismasi unakuwaje?

Kilele ni jioni ya tarehe 24, inayoitwa Heiligabend, wala si asubuhi ya tarehe 25 tuliyoizoea. Watu wengi, hata wasiosali mwaka mzima, huenda kanisani alasiri au jioni kuwaona watoto wakiigiza kuzaliwa kwa Yesu. Wakirudi nyumbani, mti huwashwa, nyimbo huimbwa, na zawadi hufunguliwa usiku huohuo, mara nyingi moja moja, wengine wote wakitazama. Kusini na magharibi watoto huambiwa kwamba zawadi zimeletwa na Mtoto Kristo. Kaskazini na mashariki, kwamba zimeletwa na Baba Krismasi. Uliza mapema ni yupi anayekuja katika nyumba yenu, usije ukawachanganya watoto.

Chakula cha jioni hiyo huwashangaza vijana wetu kuliko jambo lolote. Katika nyumba nyingi ni saladi ya viazi na soseji, basi. Bata bukini, kabichi nyekundu na maandazi makubwa ya viazi yaliyochemshwa huja kesho yake. Binti mmoja wa Mbeya aliniambia alidhani wamepunguza chakula kwa sababu yake. Sababu ni kwamba mpishi naye anataka kuingia kanisani na kuona zawadi zikifunguliwa, na saladi ya viazi hutengenezwa asubuhi ikatulia. Kumenya viazi hivyo ni kazi nzuri ya kuomba.

Usitarajie ngoma, nguo mpya wala nyumba iliyofurika watu. Ni usiku wa utulivu, wa watu watano au sita. Tarehe 25 na 26 ndizo za kutembelea ndugu, na kwa familia ambazo wazazi wameachana ndizo siku watoto wanapohama kutoka kwa mzazi mmoja kwenda kwa mwingine, jambo linaloweza kuifanya nyumba kuwa na huzuni ambayo haikuhusu wewe. Ukiona mama mwenyeji amenyamaza baada ya gari kuondoka, osha vyombo pamoja naye.

Nikialikwa, niende saa ngapi na nichukue nini?

Fika kwa saa iliyotajwa, wala usitangulie. Hapa Mswahili ana mitego miwili. Wa kwanza ni hesabu ya saa, kwa kuwa wao huhesabu kuanzia usiku wa manane, hivyo saa nne yao ya jioni ni saa kumi yetu. Wa pili ni kwamba neno lao halb vier, ambalo mtu aweza kulielewa kuwa ni nne na nusu, maana yake ni nusu ya kuielekea nne, yaani saa tisa na nusu yetu. Nimewaona waliofika saa nzima baadaye wakiwa na hakika kwamba wamewahi. Mwaliko wa kahawa na keki huwa karibu saa tisa au saa kumi alasiri, na unapofika jioni wenyeji hutarajia wageni waage.

Maua, chokoleti au keki uliyooka mwenyewe vinatosha. Kutoka nyumbani, kanga ni zawadi isiyo na mfano, mradi uichague kwa jina lake na uwaeleze maana ya maneno yaliyoandikwa. Kahawa ya Kilimanjaro na majani ya chai ya Kericho hupendwa pia. Usibebe nyama wala vitu vya maziwa, kwa sababu abiria haruhusiwi kuviingiza katika Umoja wa Ulaya kutoka nchi zetu.

Mlangoni tazama kama wenyeji wamevaa viatu. Mezani, ngoja mpaka mwenyeji aseme karibuni ndipo uanze, na mnapogonganisha glasi mtazame kila mmoja machoni. Kijana wetu aliyefundishwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa ataona ugumu, lakini kule kukwepa macho ndiko kunakoonekana kama dharau. Muhimu kuliko yote, ukiulizwa kama utaongeza chakula, jibu unachomaanisha. Kwetu mtu hukataa kwanza kwa heshima na kungoja asisitizwe. Kule hapana asante ni hapana, bakuli hupita, na halirudi.

Nimwiteje mama mwenyeji?

Wengi watakutaka uwaite kwa jina lao la kwanza, na wanafanya hivyo kukusogeza karibu. Kama ulimi unakataa kumwita mtu mzima jina kavu, mweleze sababu na umwombe ruhusa ya kutanguliza neno mama au baba. Sijasikia aliyekataa, na wengine wamebaki nalo miaka mingi.

Mimi ni Mwislamu. Je, nitashiriki vipi, na Idi yangu itakuwaje?

Shiriki kwa kadiri dhamiri yako inavyoruhusu, na sema mipaka yako mapema. Sehemu kubwa ya niliyoyaeleza, kama taa za Mtakatifu Martino, kuoka, na kubadilishana zawadi, hufanywa na Wajerumani wengi kama desturi ya nyumbani tu, nao watakuelewa ukisema utaoka nao lakini hutaingia kwenye ibada. Kuhusu chakula, jihadhari: soseji nyingi ni za nguruwe, peremende laini mara nyingi hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe, na keki nyingine za Krismasi zina matunda yaliyolowekwa katika pombe. Kwenye masoko ya Krismasi kinywaji kinachofuka moshi ni mvinyo wenye viungo; agiza kile cha watoto, kiitwacho Kinderpunsch, ambacho hakina pombe.

Idi si siku ya mapumziko ya kitaifa. Unaomba likizo kama siku nyingine yoyote, na huombwi sababu ya ziada. Misikiti mingi, hasa ile ya Waturuki, hufuata tarehe zilizopigwa hesabu mapema badala ya kungoja mwandamo, hivyo unaweza kuomba ruhusa miezi kadhaa kabla. Anayetaka kufuata mwezi ulioonekana azungumze na msimamizi wake kuhusu siku mbili zinazowezekana. Wenyeji huiita Idi el-Fitri Sikukuu ya Sukari, jina lililotoka Uturuki. Kama unatafuta msikiti wa kuanzia, tarehe 3 Oktoba, wakati taifa linasherehekea muungano wake, misikiti nchini kote hufungua milango kwa wageni, na imekuwa hivyo tangu mwaka 1997. Nenda siku hiyo na familia mwenyeji. Wengi wao wameishi mitaa miwili kutoka msikitini pasipo kuingia hata mara moja, na utakuwa wewe, mgeni, unayewapeleka.

Mwaka Mpya una hatari yoyote?

Fataki huuzwa siku tatu za kazi za mwisho wa mwaka tu, na saa sita usiku wa tarehe 31 Desemba kila mtaa hulipuka kwa saa nzima. Simama mbali na usirushe chochote ambacho hujaonyeshwa namna ya kukirusha. Kwa ndugu zetu waliokulia Goma, Bukavu au mahali pengine palipojua milio ya risasi, usiku huo unaweza kuwa mgumu kwelikweli. Mwambie mwenyeji wako kabla, mkae nyumba iliyo mbali na katikati ya mji. Hakuna aibu katika hilo, na wazee wa Kijerumani walioishi vita vyao wakiwa watoto wanalielewa vizuri.

Nimesikia kuhusu watu kujipaka rangi nyeusi. Je, nitakutana na hayo?

Unaweza kukutana nayo mahali pawili, na ni bora uende ukijua.

Mapema Januari, kuelekea Epifania, sikukuu ya mamajusi, watoto huvaa kama mamajusi, huzunguka nyumba hadi nyumba wakiimba, huandika mwaka na herufi C, M na B juu ya mlango kwa chaki, yaani Kristo aibariki nyumba hii kwa Kilatini, na kukusanya sadaka kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Kampeni hiyo ya Wakatoliki ilianza mwaka 1959, na mwaka 2017 nchi iliyopewa kipaumbele ilikuwa Kenya, hasa watu wa Turkana waliokumbwa na ukame. Kwa desturi ya zamani mmoja wa mamajusi alipakwa uso rangi nyeusi. Waandaaji wameshauri desturi hiyo iachwe, na sehemu nyingi imeachwa. Mahali pengine ni kanivali, sherehe ya mitaani ya watu waliovaa maleba, ambayo hufunguliwa tarehe 11 Novemba saa tano na dakika kumi na moja asubuhi na kufikia kilele juma la kabla ya Kwaresima, hasa Cologne, Düsseldorf na Mainz. Miongoni mwa maelfu ya maleba huenda ukamwona aliyejigeuza kuwa Mwafrika wa kubuni, mwenye sketi ya majani na mkuki.

Unayo haki ya kuumia, na unayo haki ya kusema. Ikiwa ni mtoto wa chekechea yako, zungumza na mwalimu, usimwaibishe mtoto. Ikiwa ni mtu mzima unayemfahamu, mwambie siku nyingine, akiwa hajanywa, jinsi ulivyojiona ulipomtazama. Kama hutaki kuzungumza, hulazimiki. Hukuja kuwa mwalimu wa kila mtu. Mratibu wako anapaswa kukusikiliza, na ikiwa hakusikilizi yeye, siku za semina, ambazo kwa mwaka mmoja wa utumishi ni 25, ni mahali pa kulifikisha jambo hili mbele ya wenzako na wawezeshaji. Pamoja na hayo nisingependa mtu aikose kanivali kwa hofu. Kumwona ajuza wa miaka themanini, aliyevaa kama kipepeo, akigawa peremende kwa watu asiowajua, ni kuuona upande wa Wajerumani ambao mwezi wa Novemba haukuambii kwamba upo.

Ijumaa Kuu na Pasaka zinatofautianaje na za kwetu?

Ijumaa Kuu ni siku ya ukimya kisheria, na katika majimbo mengi dansi na muziki wa hadharani huzuiwa. Usiwashe spika yako hata bustanini. Jumamosi usiku vijiji vingi huwasha moto mkubwa, na Jumapili watoto hutafuta mayai yaliyofichwa nyasini. Ibada za alfajiri zipo, ila anayetoka kwenye usharika wenye kwaya nne atauona uimbaji kuwa mdogo. Omba kuimba. Nchi hiyo ina sharika nyingi zilizo na udugu wa miaka mingi na dayosisi za KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na mara nyingi kuna mzee benchi la nyuma anayekumbuka wimbo mmoja wa Kiswahili aliofundishwa alipotembelea Kilimanjaro au Bukoba.

Siku ya kuzaliwa nayo ina miiko?

Mmoja mkubwa: usimpongeze mtu kabla ya siku yenyewe, hata kwa saa moja, kwa maana huaminiwa kuwa ni kuleta nuksi. Na ikiwa ni siku yako, wewe ndiye unayepeleka keki kazini.

Je, ninaweza kuwaandalia sikukuu yetu?

Fanya hivyo, na ufanye mapema kuliko unavyofikiri. Tarehe 9 Desemba, siku Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, na tarehe 12 Desemba, Jamhuri ya Kenya, huangukia katikati ya Majilio wakati jioni za watu zimejaa, kwa hiyo tangaza tangu Oktoba na uandike kwenye kalenda ya jikoni. Pika pilau na kachumbari, na chapati ukiweza. Iliki, mdalasini na karafuu utazikuta zimekwisha kununuliwa, maana biskuti zao za Krismasi hutumia viungo hivyohivyo. Hapo unalo jambo la kusimulia: karafuu iliyo kwenye keki ya bibi mwenyeji ni ya jamii ileile inayoanikwa kwenye majamvi Pemba. Usipike peke yako kisha ukawaita mezani. Wape vitunguu wakate. Nao wanahitaji jembe.

Nikipata siku za mapumziko, nikae na wenyeji au nisafiri?

Kibali cha ukaazi cha Ujerumani hukuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, hadi siku 90 katika kila siku 180, hivyo kishawishi cha kwenda Paris na wenzako wakati wa Krismasi ni kikubwa. Ushauri wangu ni kwamba usiku wa tarehe 24 ukae na nyumba inayokulea, na safari uianze tarehe 27. Paris itakuwapo Mei. Asiye na familia mwenyeji amweleze mratibu wake ifikapo Novemba. Sharika na vyama vingi huandaa meza ya jioni hiyo kwa watu walio peke yao, na huko husaidia pia kuwa na mikono ya kupanga viti.

Upweke bado unaweza kukujia, hasa baada ya kupiga simu nyumbani na kusikia kelele za watoto na redio. Nilipomaliza kuzungumza na mama yangu mkesha ule nilikaa ngazini nikalia. Bibi wa nyumba akaja akaketi ngazi ya chini yangu, hakuniuliza kitu, akabaki pale mpaka nilipoinuka. Mruhusu mtu akukute katika hali hiyo, usijifungie.

Je, uhusiano wa sikukuu huendelea baada ya kurudi nyumbani?

Huendelea kwa barua kuliko kwa simu. Wajerumani wengi bado huandika kadi za Krismasi kwa mkono, na yako ikifika watairuhusu isimame juu ya kabati hadi Januari. Iposti mwanzoni mwa Novemba. Mwaka wa kwanza baada ya kurudi, mama mwenyeji alinitumia kalenda ya Majilio, na ikafika Dar es Salaam mwezi wa Februari, chokoleti zake zikiwa zimeyeyuka na kuganda upya mara kadhaa. Watoto wa dada yangu waliifungua milango yote ishirini na minne alasiri moja, wakiwa wamekaa barazani, na nikampigia simu wakiwa bado wanafungua, ili asikie.